Kiti cha Charlie Rivel

Kundi letu la sarakasi lilipokuwa Barcelona, katika siku za mapumziko kati ya maonyesho, wasanii wenyeji walinialika nihudhurie darasa la jioni la machale, yaani wachekeshaji wa sarakasi, katika kituo cha Ateneu Popular 9 Barris. Mimi nilifunzwa Bagamoyo, ambako sarakasi ni kazi ya mwili mzima: kubinuka, kusimama kwa mikono na kujenga piramidi huku ngoma ikilia. Chale katika maonyesho yetu alikuwa mtu wa kuwashikilia watazamaji mpaka wenzake warudishe pumzi.

Mahali penyewe pana historia yake. Nou Barris, ile 9 Barris ya jina la kituo, ni eneo la wafanyakazi la Barcelona, ambao wengi walihamia huko kutoka mikoa mingine ya Hispania, na mwaka 1977 wakazi hao walikivamia kiwanda cha lami kilichokuwa kikiwatesa kwa moshi, wakakisimamisha, kisha wakakigeuza kuwa nyumba ya sanaa. Sarakasi ilipata makao humo, na shule iliyochipuka hapo ikapewa jina la Rogelio Rivel, mtu wa ukoo wa sarakasi uliotoa machale mashuhuri kuliko wote wa Katalunya, jimbo la Hispania ambalo Barcelona imo.

Mwalimu wetu wa jioni ile, mzee mwembamba ambaye sote tulimwita maestro, hakutuanzisha kwa mazoezi ya viungo. Alituonyesha filamu ya zamani ya Charlie Rivel, chale wa ukoo huo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Josep Andreu i Lasserre, na alizaliwa mwaka 1896 huko Cubelles, mji mdogo wa pwani, wakati wazazi wake, wasanii wa sarakasi, walipokuwa safarini. Akiwa kijana alikuwa mwanasarakasi hodari, na pamoja na nduguze, Polo na René, alipata sifa kwa mchezo wa kumwigiza Charlie Chaplin juu ya bembea. Jina la Charlie likamganda tangu hapo.

Katika filamu ile alikuwa amekwisha kuzeeka. Alivaa fulana nyekundu iliyoshuka mpaka miguuni, kipara bandia chenye nywele nyekundu pembeni, na pua nyekundu ya mraba. Vifaa vyake vilikuwa kiti na gitaa. Alitaka kukaa apige gitaa, basi, hakuna zaidi, lakini kiti kilimkatalia, na kila kilipomkatalia aliinua uso juu akalia kwa sauti ndefu kama mtoto mchanga anayelia usiku, mpaka ukumbi mzima wa watu wazima ukacheka na kumhurumia kwa wakati mmoja. Sikuelewa hata neno moja, na hapakuwa na haja ya kuelewa neno.

Maestro aliirudisha filamu nyuma, akatuamuru tutazame miguu peke yake. Ndipo nilipoona ninachokijua: uzito wa mwili ulikuwa ukihamishwa kwa usahihi wa mtu aliyepanda bembea maisha yake yote, na kila kujikwaa kulikuwa kumepimwa. Mwanafunzi mmoja aliuliza kuhusu miaka ya vita, kwa kuwa Rivel alifanya kazi Ujerumani chini ya utawala wa Wanazi na hata kuigiza katika filamu huko mwaka 1943. Maestro hakulifunika jambo hilo. Alisema ni sehemu ya maisha yake na ni lazima isimuliwe pamoja na tuzo ya Chale wa Dhahabu aliyoipata katika tamasha la sarakasi la Monte Carlo mwaka 1974. Nilimheshimu kwa jibu hilo, kwani walimu wengi hupenda kuwapaka rangi wakubwa wao.

Kisha akaweka kiti katikati ya chumba. Kila mmoja alitakiwa atembee mpaka kwenye kiti akae. Zamu yangu ilipofika nilibinuka hewani na kutua nimekaa sawasawa, na wenzangu wakapiga makofi. Maestro alinitazama kwa upole akasema, “Umekaa kabla hatujajua kwamba umechoka.”

Alinirudisha mlangoni, tena na tena, mpaka nilipoweza kuuleta uchovu wangu chumbani kabla ya kukigusa kiti. Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha alianza kucheka nikiwa bado niko mbali, sijafanya chochote.

Rivel alifariki mwaka 1983, na simjui kwa njia nyingine ila hiyo. Hata hivyo ninapowafundisha vijana wa nyumbani, somo la kiti huja mapema, kabla ya piramidi. Baadhi ya walimu wenzangu huona ninapoteza muda wa mazoezi, nami huwajibu kwamba kijana anayeweza kunifanya nimwonee huruma kwa hatua nne za kutembea atajua pia la kufanya siku piramidi itakapoporomoka mbele ya watu.