Jiko la Mkaa la Mama Mdogo

Asubuhi moja ya mwaka 2013, nyumbani Ujiji, mama mdogo aliinama kwenye jiko la mkaa, akajaza mashavu, akapuliza. Moto haukushika. Pumzi yote ilimtoka pembeni mwa mdomo, upande wa kushoto, ambao ulikuwa umelegea kama kitambaa kilicholowa. Akajaribu tena. Akacheka, na kicheko nacho kikaishia upande mmoja.

Uvimbe tulikuwa tunaujua. Ulikaa chini ya sikio zaidi ya miaka miwili, mwanzoni kama punje ya karanga. Majirani walisema matubwitubwi, akapakwa masizi. Lakini matubwitubwi huuma, huja na homa, na wiki mbili hazipiti yamenywea. Huu haukuuma hata kidogo, ndiyo maana tuliuacha. Zahanati moja ilimpa antibayotiki mara 3, wala hakuna aliyeupapasa kwa kidole. Hilo linanichoma hadi leo.

Tulipanda treni, siku mbili njiani, naye amejitanda khanga hadi shavuni watu wasimtazame. Dar es Salaam daktari alimwambia afumbe macho, akunje paji la uso, aoneshe meno. Jicho la kushoto halikufumba. Akanichorea kwenye karatasi tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, na mshipa wa fahamu wa uso unaopita ndani yake na kugawanyika kama vidole vya mkono. Uvimbe wa tezi ile mara nyingi si saratani, alisema, ila ukiona uso umelegea, ujue mshipa umeguswa. Kinyama kilipopimwa, jibu likawa adenoidi sistiki kasinoma: saratani adimu, inayokua polepole na kutambaa kufuata mishipa ya fahamu.

Tezi ilitolewa pamoja na mshipa wenyewe. Ikafuata mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya huko Dar, wiki 6, mpaka mate yakamkauka. Ugali wa muhogo haukuteremka bila mchuzi mwingi wa migebuka. Kila usiku nilimbandika plasta kwenye kope, jicho lisikauke. Tukaambiwa mapafu yapigwe picha mara kwa mara, maana saratani hii huweza kurudi hata baada ya miaka 10, na mapafuni ndiko hupenda kuhamia.

Asubuhi ya kwanza tuliporudi Ujiji niliwahi jikoni, nikainama nimpulizie moto. Akanisogeza kwa kiwiko.

"Acha, mwanangu, utajaza majivu kwenye chai."

Akachukua kipande cha boksi, akapepea mpaka mkaa ukawa mwekundu.