Mustang ya 1966 na Kutu Iliyojificha Chini ya Zulia

Baada ya miaka mitatu ya kudunduliza fedha hapa Ohio, hatimaye nimenunua Ford Mustang ya mwaka 1966, na ninaandika haya kwa ajili ya mnaoniuliza kila mara kama kununua gari la kale la Kimarekani ni busara au ni wazimu. Muuzaji alinihakikishia kwamba gari lilitoka kiwandani na injini ya V8, yaani ya silinda nane. Lakini nilipohesabu nati za gurudumu nilikuta nne, ilhali Mustang za V8 za miaka hiyo zilikuwa na tano, na alama ya tano katika namba ya chasisi ilikuwa T, yaani silinda sita. Bei ilishuka papo hapo.

Kutu, hata hivyo, ilinipiga chenga. Magari haya huvuja pale hewa inapoingilia, chini ya kioo cha mbele, maji yakateremka taratibu hadi sakafuni. Nilipoinua zulia upande wa dereva, bisibisi ilipenya bati kama papai bivu. Mlangoni nako, chini ya rangi inayong'aa, palikuwa na puti, ule ujiuji mgumu wa kuzibia bati lililooza, nene kiasi kwamba sumaku haikunata. Afadhali mabati ya sakafu bado yanatengenezwa mapya.

Wenzangu wengi wapenda magari ya kale hushikilia kwamba kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Kuhusu breki sikubaliani nao: mfumo wa 1966 una njia moja tu ya mafuta, ukivuja umepoteza breki za magurudumu yote manne, basi nimeagiza silinda kuu, ile inayosukuma mafuta ya breki, ya njia mbili, kama ile ya 1967.