Kesi ya Shamba Mlangoni pa Hema

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Hesabu 27:1–11.

Selofehadi alifia jangwani bila mtoto wa kiume. Mabinti zake, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, wakaona nchi iko karibu kugawiwa na wao hawamo. Wakaenda mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, wakadai fungu lao mbele ya Musa, kuhani Eleazari na mkutano mzima. Musa hakuwaambia, "Hayo ni ya ukoo, kayamalizeni nyumbani." Alilipeleka shauri kwa Bwana, na Bwana akasema wana haki, wapewe.

Tanzania, sheria za mila zilizoandikwa 1963 zilimweka binti daraja la tatu la urithi, nyuma ya kaka zake wote, na shamba la ukoo alilitumia tu, hakuruhusiwa kuliuza. Mama mmoja wa Kihaya, mzee asiye na wa kumtunza, aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mwanamume mmoja wa ukoo wake akamshtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ikampa haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Kwenye karatasi, upande wa kumiliki na kuuza ardhi, tuko vizuri.

Sasa njooni msibani. Kuzika tunajua: kwaya, rambirambi, neno la faraja. Siku ya kumaliza tanga ukoo unaketi, na mzee wa kanisa anaombwa afungue kwa sala. Anafungua. Shemeji anatangaza kwamba shamba la bondeni atalisimamia yeye "mpaka watoto wakue". Kimya. Mzee wa kanisa anafunga kwa sala. Baadaye mjane analima vibarua kwenye mashamba ya watu, nasi tunamwandika kwenye orodha ya wahitaji na kumpelekea unga wakati wa Krismasi. Huo umaskini ulianza tukiwepo, tena tumeuombea.

Siku ya sadaka tunapenda kusoma habari za mjane na senti zake, Marko 12:41 na kuendelea. Mstari wa 40 tunauruka, ule wa watu wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu.

Mzee wa kanisa akialikwa tena kwenye kikao cha namna hiyo, kabla ya kufunga aulize: Wosia upo? Msimamizi wa mirathi atakuwa nani, na lini anakwenda kuthibitishwa mahakamani? Majina ya mabinti yameandikwa? Watamnunia, najua. Na siku mjane anapoitwa mahakama ya mwanzo, jumuiya itoe watu wawili wa kwenda naye, nauli itoke kwenye mfuko wa huruma.