Davey hakuapishwa

Wiki hii nimezama kwenye habari za Myall Creek, kule New South Wales, Australia, na bado zinanizunguka kichwani. Kwa ufupi, Jumapili ya tarehe 10 Juni 1838 wanaume 12 wenye farasi na silaha waliwafunga kamba, kwenye ranchi ya Henry Dangar, Wawirrayaraay (kabila la Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia) waliokuwa wamepiga kambi pale kwa amani, wengi wao akina mama, watoto na wazee maana vijana walikuwa wametoka kwenda kufanya kazi ranchi ya jirani, wakawaswaga pembeni wakawaua, watu wasiopungua 28. Baadaye wakarudi kuchoma miili.

Msimamizi wa ranchi, William Hobbs, hakuwepo siku hiyo. Aliporudi akaona mabaki, akaripoti serikalini. Wengi enzi zile walikuwa wanaona na kunyamaza tu, yeye hakunyamaza, na Dangar akamfuta kazi. Halafu kuna George Anderson, mfungwa aliyepangiwa kazi pale ranchini kama mlinzi wa kibanda, mtu wa chini kabisa, ambaye alisimama mahakamani Sydney akasema alichokiona wakati walowezi wamewaka hasira ati mzungu anashtakiwa kwa kumuua Mwaborijini. Kesi ya kwanza wazee wa baraza walijadili kama robo saa hivi wakawaachia wote 11. Mwanasheria mkuu John Plunkett hakukubali, akawarudisha saba kwa mashtaka mengine, wakakutwa na hatia na kunyongwa Desemba 1838. Yule wa 12, John Fleming, ndo peke yake alikuwa mlowezi huru, wenzake wote walitokea ufungwani, na ndo huyo huyo aliyetoroka asikamatwe maisha yake yote. Siwaonei huruma wale saba, ila mnanielewa.

Sasa kinachoninyima raha ni Davey. Kijana wa Kiaborijini, mfanyakazi wa pale pale ranchini, naye aliona mambo. Sheria ikasema hawezi kutoa ushahidi kwa sababu si Mkristo, hawezi kula kiapo kwa Biblia! Wakabaki washtakiwa wanne, wakawekwa rumande ili Davey afundishwe maana ya kiapo kwanza, na kabla hajafundishwa akapotea, haonekani. Mmisionari Lancelot Threlkeld, ambaye miaka mingi alikuwa akiandika mauaji ya aina hii, alidai Dangar ndiye aliyepanga Davey aondolewe. Mwaka 1839 wale wanne wakaachiwa.

Kwa hiyo nikisoma sifa za wazungu waliowatetea Waaborijini nakubali, Hobbs na Anderson walijitoa kwelikweli, lakini kwa sheria ile watu 28 wanauawa na kesi inategemea kama kuna mzungu ana roho ya kusema. Asipojitokeza, basi, hakuna kilichotokea.

Ndo maana kilichonigusa zaidi kwenye hizi juhudi za sasa za kusema ukweli kuhusu historia hii si mnara wa kumbukumbu wa Myall Creek, ingawa ni jambo zuri, upo tangu 2000 na kila Juni vizazi vya waliouawa na vya wauaji wanakutana hapo. Ni ile tume ya Yoorrook kule jimbo la Victoria, iliyochunguza waliyotendewa Waaborijini, iliyoanza 2021 ikamaliza kazi 2025, mwenyekiti wake alikuwa Eleanor Bourke, mzee wa Kiaborijini, na waliokuja kuhojiwa pale ni pamoja na mawaziri wa serikali. Wao ndo walikuwa wanajibu maswali.