Mchanga, Mawe na Chumvi: Ardhi Inavyoamua Chakula cha Wajerumani

Treni iendayo kasi kutoka Hamburg hadi Stuttgart hutumia saa tano hivi, na msafiri atakayenunua mkate katika miji yote miwili ataona kwamba amevuka mpaka usioonekana katika ramani za kisiasa. Mkate wa Hamburg ni mzito, una rangi ya kahawia iliyokoza na uchachu unaobaki ulimini, kwa kuwa sehemu kubwa ya unga wake ni wa nafaka ya rai. Wa Stuttgart ni mwepesi zaidi, mweupe zaidi, umetokana na ngano au na aina ya kale ya ngano ambayo Waswabia, wenyeji wa eneo hilo, wameendelea kuilima tangu enzi za mababu zao, na kando yake muuzaji amepanga mikate iliyosokotwa mfano wa fundo, iitwayo Brezel, iliyonyunyiziwa chembe za chumvi.

Chanzo cha tofauti hiyo ni udongo. Katika Enzi ya Barafu, barafu nene iliyosukumwa kutoka Skandinavia ilifunika kaskazini mwa Ujerumani, na ilipoyeyuka iliacha nyuma yake tambarare ndefu ya mchanga, kokoto na maziwa madogo madogo. Mchanga huo haushiki maji wala rutuba, na ngano ikipandwa humo hudumaa, lakini rai hustawi, kwa sababu mizizi yake hupenya mbali na mmea wenyewe hustahimili baridi kali pamoja na udongo wenye asidi. Unga wa rai nao una masharti yake: hauvutiki kama unga wa ngano, na ukiumuliwa kwa hamira peke yake hutoa mkate unaonata ndani, kwa hiyo mwokaji hana budi kuuacha uchachuke kwa saa nyingi kabla ya kuuingiza tanuuni. Uchachu ambao mgeni huudhani kuwa ni chaguo la ladha ulianza, basi, kama sharti la nafaka iliyokubali kuota mchangani. Westfalia, magharibi mwa nchi, ndiko jambo hili lilikofikishwa mwisho wake, kwa mkate mweusi uitwao Pumpernickel, ambao huokwa kwa moto mdogo kwa muda usiopungua saa 16 hadi sukari ya nafaka yenyewe inapoanza kuwa na utamu wa asali iliyoungua.

Kusini-magharibi, kwa kuwa ngano ilipatikana, watu walikuwa na nafasi ya kutengeneza kitu kingine mbali na mkate. Spätzle za Waswabia ni tambi zisizokaushwa. Mpishi huchanganya unga, mayai mengi, chumvi na maji kidogo, hupiga mchanganyiko huo kwa mwiko hadi utoe mapovu, huupaka juu ya kibao kilicholoweshwa, kisha kwa kisu kirefu huukwangua vipande vyembamba vinavyotumbukia moja kwa moja katika sufuria ya maji yanayochemka. Vikielea, vimeiva. Nimewaona akina mama wakiifanya kazi hiyo kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, nami nikijaribu hupata madonge.

Baada ya miaka ya kuishi kaskazini mwa nchi hii na kula katika karibu kila pembe yake, nimefikia maoni ambayo wenyeji wengine huyabisha: vyakula vya Ujerumani vyenye sifa vimezaliwa zaidi katika ardhi maskini kuliko katika ardhi tajiri. Tambarare ya Börde inayozunguka Magdeburg ina udongo mweusi ulioletwa na upepo, unaohesabiwa miongoni mwa udongo bora kabisa nchini, na kwa sababu hiyo hiyo imekuwa shamba la ngano na viazisukari vya kuuzwa mbali. Ni wachache sana wanaoweza kutaja chakula cha Börde. Mkoa jirani wa Brandenburg, uliokuwa ukidhihakiwa kwa wingi wa mchanga wake, umeacha jina katika kila jiko la nchi.

Brandenburg ndiyo nchi ya viazi. Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia alitoa amri mnamo tarehe 24 Machi 1756, akiwaagiza maofisa wake wawahimize wakulima kulima viazi, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba mavuno ya nafaka yakishindwa katika mchanga ule, hakuna kingine cha kuwaokoa watu na njaa. Mpaka leo wageni wanaozuru kaburi lake katika bustani ya Sanssouci mjini Potsdam huweka viazi juu ya jiwe. Kusini kidogo mwa Potsdam uko mji wa Beelitz, ambao tangu mwaka 1861 hulima asparaga nyeupe, na hapo mchanga ule ule uliokuwa laana ya ngano umegeuka kuwa sifa. Asparaga nyeupe ni chipukizi linalokua gizani ndani ya tuta. Katika udongo wa mfinyanzi lingepinda na kupasuka, lakini katika mchanga hupanda limenyooka, tena mchanga hupata joto mapema majira ya kuchipua yanapoanza. Msimu wake hukoma tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, ili mmea upate muda wa kujijenga upya, na katika wiki za kabla ya hapo Wajerumani huila kwa ari ambayo sijaiona kwa mboga nyingine yoyote.

Baharini mambo yamekwenda kwa njia ya chumvi. Sisi tuliokulia pwani ya Afrika Mashariki tunajua ng'onda: samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa, na jua hufanya kazi iliyobaki. Pwani ya Baltiki haina jua la namna hiyo, na zaidi ya hayo samaki wake mkuu, heringi, ana mafuta mengi mno. Akianikwa huoza kabla ya kukauka. Njia iliyofaa ilikuwa kumpanga ndani ya mapipa kwa chumvi nyingi mara tu anapovuliwa. Tatizo ni kwamba maji ya Baltiki yana chumvi kidogo sana na jua la kuyakausha ni dhaifu. Chumvi ilibidi itoke nchi kavu, katika mji wa Lüneburg, ambao umekaa juu ya mwamba mkubwa wa chumvi na ambao visima vyake vilitoa maji makali yaliyochemshwa katika masufuria mapana ya risasi hadi yakauke.

Kutoka Lüneburg mizigo hiyo ilisafirishwa hadi Lübeck, kwanza kwa mikokoteni, kisha, kuanzia mwaka 1398, kwa mfereji wa Stecknitz, na kutoka Lübeck ilipelekwa kwa meli hadi kusini mwa Skandinavia, ambako makundi ya heringi yalikusanyika kila mwaka. Mapipa yaliyorudi yaliuzwa hadi ndani kabisa ya Ulaya, kwa sababu Kanisa lilikataza nyama katika siku nyingi za mwaka na mkulima aliyekaa mamia ya kilomita kutoka baharini alihitaji samaki asiyeoza. Utajiri wa Lübeck na wa umoja wa miji ya biashara uitwao Hanse ulitegemea sana mkutano huo wa samaki wa mahali pamoja na chumvi ya mahali pengine. Maghala ya chumvi ya Lübeck yangali yamesimama kando ya mto Trave, karibu na lango la kale la mji, ilhali kiwanda cha Lüneburg kilifungwa mwaka 1980.

Heringi wa chumvi ameacha uzao mkubwa mezani. Yupo aliyekunjwa kuzunguka tango la siki, yupo aliyekaangwa kisha akatiwa sikini, na yupo Matjes, samaki mchanga wa kabla ya kutaga mayai, ambaye mji wa Glückstadt ulioko kando ya mto Elbe umejipatia jina kwa ajili yake. Chakula kinachowatisha wageni zaidi ni Labskaus ya mabaharia. Nyama ya ng'ombe iliyohifadhiwa kwa chumvi hupondwa pamoja na viazi na bitiruti hadi iwe uji mzito wa rangi ya waridi, kisha juu huwekwa yai la kukaanga na kando heringi pamoja na tango la siki. Sura yake haivutii, nami sitadai vinginevyo, lakini kila kilichomo katika sahani hiyo kiliweza kukaa melini kwa miezi bila kuharibika, isipokuwa yai, nayo ladha yake ni nzuri kuliko sura. Upande wa Bahari ya Kaskazini, ambako maji kupwa huacha wazi maili nyingi za tope, wavuvi huvua uduvi wa kahawia na kuwachemsha hapo hapo chomboni kwa maji ya bahari, kwa kuwa uduvi huharibika kwa haraka mno. Anayenunua gatini Büsum au Husum huwapata wakiwa wamekwisha kuiva.

Nyuma ya matuta yanayozuia bahari iko ardhi nzito iliyoporwa kutoka majini, na huko Dithmarschen imekuwa shamba kubwa la kabichi, kwa msaada wa upepo usiokoma ambao huwafukuza wadudu.

Wasomaji wasiokula nguruwe na waniwie radhi kwa aya hii fupi. Westfalia ilikuwa na misitu ya mialoni, na wakulima walikuwa wakiwapeleka nguruwe humo wakati wa vuli wanenepe kwa matunda ya miti hiyo. Italia hukausha paja la nguruwe kwa upepo mkavu wa milimani, lakini hewa ya Westfalia ina unyevu, kwa hiyo moshi wa kuni ulichukua nafasi ya upepo. Wenyeji wa Msitu Mweusi walifanya vivyo hivyo kwa kuni walizokuwa nazo, yaani za misonobari, ndiyo maana nyama yao ina harufu ya utomvu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka katika milima ya Alb ya Waswabia. Mlima huu ni wa mawe ya chokaa yenye nyufa. Mvua hunyesha ya kutosha, lakini maji huzama na kupotelea chini, na juu hubaki udongo mwembamba uliojaa mawe. Adesi ni mmea unaoridhika na hali hiyo. Katika udongo wenye rutuba huzidiwa na magugu au hutoa majani mengi bila mbegu, ila katika mawe ya Alb hutulia na kuzaa. Kwa kuwa shina lake ni dhaifu, hupandwa pamoja na oti au shayiri ili lipate pa kujishikiza, na baada ya mavuno adesi na nafaka hutenganishwa kwa chekeche, kazi ya kuchosha ambayo baada ya Vita vya Pili vya Dunia hakuna aliyetaka tena kuifanya, wakati adesi za kutoka nje zilikuwa rahisi. Waswabia waliendelea kula adesi na Spätzle, zikikolezwa kwa siki, lakini mbegu za nyumbani zilitoweka kabisa. Mwaka 2006 aina mbili za zamani za Alb ziligunduliwa katika hazina ya mbegu ya Taasisi ya Vavilov mjini Saint Petersburg, zikarudishwa, zikazalishwa polepole, na leo zinalimwa tena na wakulima wa huko huko.

Allgäu, chini ya Milima ya Alpi, hunishauri nisiipe ardhi sifa zote. Mtu akiona leo malisho yake ya kijani na ng'ombe wanaoshushwa kutoka milimani kila Septemba kwa kengele na mashada ya maua, ataapa kwamba mvua nyingi na miteremko haikuweza kuzaa kitu kingine isipokuwa jibini. Hata hivyo, hadi karne ya 19 sehemu kubwa ya Allgäu ilikuwa ya buluu, kwa maua ya kitani kilicholimwa kwa ajili ya nguo. Pamba ya bei nafuu kutoka ng'ambo iliiua biashara hiyo, na ndipo watu kama Carl Hirnbein walipoigeuza nchi kuwa ya malisho kwa ujuzi ulioletwa kutoka Ubelgiji na Uswisi. Mvua iliruhusu vyote viwili. Soko ndilo lililochagua.

Bia ya Bavaria nayo ilifuata baridi. Sheria ya mwaka 1553 ilikataza kupika bia kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, kwa kuwa joto liliiharibu na moto ulikuwa hatari kwa miji ya mbao. Bia ya kiangazi ilibidi ipikwe mwishoni mwa msimu wa baridi na kuhifadhiwa ndani ya mahandaki yaliyojazwa mapande ya barafu, na juu ya mahandaki wapishi walipanda miti yenye majani mapana na mizizi isiyokwenda chini sana ili ardhi ipate kivuli. Watu walianza kunywa hapo hapo. Amri ya kifalme ya mwaka 1812 iliwaruhusu wapishi wa bia kuuza kinywaji na mkate tu, ili kuwalinda wenye mikahawa, na kwa sababu hiyo mpaka leo katika bustani za bia za München mteja huja na chakula chake kutoka nyumbani bila mtu kumkunjia uso.

Kipo pia chakula kilichopoteza ardhi yake. Königsberger Klopse ni vidonge vya nyama ya kusaga vilivyochemshwa, vikatiwa katika mchuzi mweupe wenye machipukizi ya mkapari yaliyohifadhiwa kwa chumvi au siki. Mkapari ni mmea wa Mediterania na haukuota kamwe Prussia Mashariki, jimbo la zamani la Ujerumani ambalo Königsberg ulikuwa mji wake. Machipukizi yake yalikuja kwa meli, kwa kuwa Königsberg ulikuwa mji wa bandari. Mwaka 1946 mji huo ukaitwa Kaliningrad, chini ya Wasovyeti, na wenyeji wake Wajerumani wakatawanyika, wakiibeba sahani hiyo. Katika Ujerumani Mashariki ya kikomunisti jina la mji lilikuwa halifai kutajwa, hivyo orodha za vyakula ziliviita vidonge vya kuchemsha tu. Leo vinaagizwa zaidi Berlin, pamoja na viazi, na mhudumu hahitaji kueleza vilitoka wapi.