Mtoto mmoja, majina matatu

Leo kliniki nesi ameniuliza mtoto anaendeleaje. Nikajibu hata hajafungua kadi: "Huyu msumbufu, dada. Hanipi nafasi kabisa."

Mume wangu ndiye aliyekuwa amempakata. Akanigeukia. "Msumbufu kivipi, mama? Mbona mchangamfu tu?"

Neno langu limenikera njia nzima. Mtoto ana wiki tisa, tunalala naye chumba kimoja, lakini baba yake humwona asubuhi akiwa ametoka kuogeshwa, anachekea pazia. Mimi humpata kuanzia saa kumi na mbili jioni, kilio kinapoanza, hadi saa tatu. Baba yake anafunga duka saa nne. Mama mkwe haoni la ajabu: kachukua jina la babu yake, na babu, anasema, alikuwa mkali tangu tumboni.

Dada yake tulimwita mpole. Wakati ule mama yangu alikaa nami siku arobaini zote, nikawa nalala. Safari hii hakuweza kuja. Sasa sijui kama mtoto yule alikuwa mpole kweli, au mimi ndiye niliyekuwa nimepumzika.

Kuna jambo nililosoma chuoni ambalo halijanitoka. Mwaka 1974, wakati wa ukame, mtafiti Marten deVries aliangalia tabia za watoto wachanga wa Wamaasai nchini Kenya, akawatenga watulivu na wagumu. Aliporudi baada ya miezi kadhaa, familia alizozipata zilikuwa chache mno kuthibitisha jambo kubwa. Lakini katika hao wachache, waliokufa zaidi ni watulivu. Maelezo mojawapo ni kwamba anayelia hupewa titi, hata nyumba ikiwa na njaa. Nawafikiria sana mama zao. Kilio ninachokiita usumbufu, kwao huenda kilikuwa habari njema.

Kila jioni mimi husema, "Haya, ameanza." Nikisema hivyo mikono inakakamaa, na naamini anaisikia. Leo nimenyamaza. Nikamwomba baba yake asirudi dukani, akae nasi tu.

Amekaa. Amembeba, ametembea naye uani, amemwimbia, amemrudisha kwangu anyonye, amemchukua tena. Saa mbili na nusu, bega la shati limelowa cheuo, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hivi ni kila siku?"