Shira ya Kaimati

Mama aliishi na sukari miaka 11 kabla hajakubali kupimwa macho. Hoja yake ilikuwa moja: anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, sasa apimwe nini? Mwaka 2016, Idi ilipopita, nikampakia kwenye bajaji mpaka kliniki, pale Tanga mjini.

Muuguzi alimtia matone mara mbili. Yaliwasha. Mama akajifuta kwa ncha ya kanga, akanong'ona kwamba hata pilipili ina huruma. Baada ya kama nusu saa mboni zilikuwa pana, nyeusi tii, kama za paka usiku. Ndipo akapigwa picha.

"Shikamoo mama." Daktari alikuwa kijana wa rika langu. Kwenye skrini palikuwa na duara la rangi ya chungwa, mishipa imetambaa kama mizizi, na huku na huku vidoa vyekundu vidogo kuliko ufuta. Alieleza kwamba sukari ikizidi kwenye damu hunata kwenye kuta za mishipa, kuta zikanenepa na kukakamaa. Vimishipa vile vyembamba kuliko unywele, ambavyo hutanuka na kujibana kadiri jicho linavyotaka damu, vinakuwa havitii tena. Pengine ukuta hulegea, ukatuna, ukavuja. Vidoa ndiyo hivyo vituno.

Mama, ambaye amepika kaimati tangu sijazaliwa, alikaa kimya kidogo.

"Yaani kama shira," akasema. "Ikiwa moto inateleza. Ikishapoa juu ya kaimati, ukiibonyeza inapasuka."

Daktari alicheka, akasema ataiazima hiyo. Mimi nilikuwa nawaza zile soda nilizomletea kila niliporudi safari, nikiona ndiyo mapenzi.

"Mbona naona vizuri, baba?"

"Mwanzoni ugonjwa huu hauumi mama, wala hauzibi macho. Ndiyo ubaya wake."

Matibabu ya leza, ule mwanga mkali wa kutibu mishipa ya jicho, bado, alisema. Sukari ishuke kwanza (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilisoma asilimia 9.4, na wao walitaka karibu na 7), presha iangaliwe, arudi baada ya miezi 6.

Nje jua lilimchoma, akajifunika kanga mpaka puani. Nauli alikataa nisilipe. Alifungua pindo, akasogeza sarafu karibu na uso, akaziweka mbali, akazigeuza. Mwishowe akanimwagia zote kiganjani.

"Hesabu wewe. Na ukiniibia nitajua."